Ngatia wa Muriithi, Aliyeifungia Baridi Nje

Ngatia wa Muriithi alizaliwa Kangari tarehe 14 Machi 1949. Alisoma mpaka darasa la nne, akavunja fimbo ya mwalimu kwa goti, na shule ikaisha siku hiyo. Alichinja ng'ombe Sagana miaka kumi na tisa. Fahali akikataa kulala chini, aliitwa yeye. Mwaka wa 1972 alinioa mimi Watiri, na 1990 tukahamia Mweiga kulima viazi. Aliyegombana naye alirudi kwake bila meno. Wengine wenu mko hapa na mnajua.

Mwezi wa saba huwa tunasema mtu amepigwa na baridi. Marehemu aliamini neno hilo vile lilivyo. Kitu kikipiga, yeye hukizuia. Kwa hiyo mwaka huu alipigilia mbao kwa madirisha yote, tukakaa watu sita chumba kimoja na moto. Mjukuu wetu Wachuka alileta kikohozi kutoka shule Jumatatu. Jumatano kilikuwa kwa baba yake, mwanetu Kinyua, na kwangu. Ijumaa kikafika kwa Nduta, mtoto wa wiki sita, mbavu zikawa zinaingia ndani akivuta pumzi.

Mama yao Phoebe ni nesi. Alisema, "Baba, baridi haina mdudu. Mdudu tunapeana sisi wenyewe kwa pumzi, vile tumejifungia. Nipishe nimpeleke hospitali."

"Wewe wa Kakamega unajua baridi ya Mweiga? Mtoto hatoki," marehemu akasema, akasimama mlangoni na nyundo.

Kinyua alijaribu kupita, akapigwa, bega likateguka. Mimi nikachukua shoka nikapasua mbao za dirisha. Marehemu akanishika shingo. Nilimpiga kwa mpini akaniachilia, na Phoebe akatoka na mtoto kwa dirisha. Sikumwomba msamaha. Hata yeye hakuniomba.

Siku ya tatu kikohozi kilimwangusha yeye. Kilimtikisa mpaka ubavu ukavunjika, akatema damu. Hospitalini Nyeri aling'oa kinyago cha hewa ili aulize kitu kimoja, "Mtoto anapumua?" Nesi wa huko hakujua ni mtoto gani. Alifariki tarehe 19 Julai 2024, saa nne asubuhi.

Ameniacha mimi mjane wake, Kinyua na Phoebe, Wachuka, na Nduta aliyetoka wodi jana. Anayekohoa asimbebe.

Lala sasa, Ngatia. Anapumua.