Maji ya Mulki

Basi la Wajir lilikuwa likiteleza kwenye lami, na nje ngamia walielea juu ya mazigazi kana kwamba hawana miguu. Nilijifanya nimelala, maana ndivyo mtu anavyosikia vizuri. Mbele yangu, Mama Batula alipakata chupa ya maji yaliyosomewa Kurani kama aliyepakata mtoto mchanga.

"Napelekea msichana yangu, Mulki, shuleni Habaswein," alimwambia kijana wa Kitui aliyeketi kando yake. "Iko na jini. Usiku macho, mchana analala darasani."

Kijana alishtuka. "Mulki wa kidato cha pili? Mimi ni mwalimu wake, mama. Hana jini, ana hofu. Upepo uling'oa mlango wa bweni, na shule haina pesa ya mwingine. Wasichana wanakesha kwa zamu. Zamu ya Mulki ikiisha, anamwonea huruma mwenzake, hamwamshi."

Mama alimgeukia.

"Wallahi, mwalimu, hata mbuzi yangu iko na boma ya miiba. Na nje analala mwanaume mzima, anailinda."

"Tumeomba mlango, mama. Tunangoja."

"Na fisi, nayo inangoja?"

Basi liliposimama Habaswein, mama alimwekea mwalimu ile chupa mapajani.

"Hii kunywa wewe."

Akashuka, akamuuliza mtu wa kwanza aliyekutana naye mapanga ya kukatia miiba yanauzwa wapi.