Chai Iliyoanzia Kiti cha Mwisho

Risala ya wafanyakazi wa jiko, usafi na lifti wa Bunge la Mkoa kwa mgeni rasmi, Mheshimiwa Mjumbe wa viti vya orodha

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mjumbe, ambaye baadhi yetu humu tumewahi kukuogesha. Katibu wa Bunge, uliyeturuhusu kutumia chumba hiki baada ya saa za kazi. Wafanyakazi wenzetu mliokaa, na mliosimama kwa kuwa viti havikutosha: pokeeni salamu zetu.

KARIBU

Mheshimiwa, tunakukaribisha kwa aibu kidogo, maana chumba hiki unakijua kuliko wengi wetu. Pale lilipo jokofu palikuwa na kreti la soda lililopinduliwa, na juu yake alikaa msichana wa sare za shule akifanya hesabu huku mama yake akisuuza vikombe. Tulikuita Kijiko, kwa sababu ulikuwa huwezi kusoma bila kijiko mdomoni. Kila jioni kijiko kikikosekana, hakuna aliyeuliza kiko wapi. Tuliambiana leo tusikuite hivyo mbele ya Katibu. Tumeshashindwa, utusamehe.

Mama yako yupo, amekaa nyuma karibu na mlango. Tulimwomba akae mbele akakataa. Alisema akikaa mbele atakutazama, akikutazama atalia, na akilia wewe utaacha kusikiliza. Na leo tunataka usikilize.

HISTORIA

Sisi ni wapika chai, wafagiaji, dobi wa vitambaa vya meza, na Mzee wa Lifti anayekusomea maneno haya, ambaye ni mtu mmoja lakini hujihesabu kuwa idara. Wajumbe huja na kuondoka kila uchaguzi, sisi hubaki. Kwa kuwa humu wapo wenzetu wageni wasiojua nyumba hii inavyopata watu wake, tutaeleza kidogo, nawe uturekebishe tukikosea.

Mpiga kura wa mkoa huu hupewa karatasi mbili. Ya kwanza ina picha na majina: unachagua mtu wa jimbo lako, na aliyepata kura nyingi ndiye anayekuja. Ya pili haina mtu, ina vyama tu. Kura za hiyo ya pili hujumlishwa mkoa mzima, kila chama kikapewa viti kulingana na kura zake, kisha kikachukua watu kwenye orodha yake kuanzia juu kushuka chini. Huko ndiko ulikopitia wewe, ukiwa wa mwisho kuingia kwenye orodha ya chama chako kidogo. Tunasema kidogo kwa upendo.

Wakishaapa, wajumbe humchagua Spika na naibu wake, halafu humchagua Kiongozi wa Mkoa, naye huunda serikali yake. Waliotoka chama kimoja huwa kundi moja, na makundi ndiyo yanayogawana kamati: kundi kubwa hupeleka watu wengi, dogo hupeleka mmoja. Muswada husomwa ukumbini, ukaenda kamatini kuchambuliwa, ukarudi ukumbini kupigiwa kura. Ukumbini wanakunywa maji, kamatini wanakunywa chai. Ndiyo maana sisi wa jikoni tunajua kazi inafanyikia wapi.

MAFANIKIO

Fanikio letu la kwanza ni wewe. La pili bado tunalitafuta.

Hata hili la kwanza, Mheshimiwa, nusura tuliharibu kwa mikono yetu. Siku ya kupiga kura, mama yako alikuwa anachemsha maji mwenzetu wa usafi, Bi Mopu, alipoingia amejaa furaha, kidole kina wino.

"Nimekwisha kumpigia mtoto wetu," akasema. "Nimemwandika vizuri kabisa. Kijiko, binti wa jikoni."

"Umemwandika wapi?" mama yako akauliza.

"Kwenye ile ya vyama. Nimetafuta picha yake sikuiona, nikajua wamesahau. Nikawasaidia."

Mama yako akaweka birika chini. "Dada yangu, hiyo imeharibika."

"Imeharibikaje, na mwandiko wangu unaujua?"

Dobi, aliyekuwa anakunja vitambaa, akakohoa. Yeye hakuandika jina. Yeye alichora kijiko.

Na hawakuwa wawili tu, jikoni karibu lote lilikusaidia hivyo hivyo. Mama yako alirudi nyumbani akajilaza na viatu vyake. Alikuwa anawaza: wangekuwa wanamchukia mwanangu ningejua la kufanya, sasa hawa wanaompenda nitawafanya nini? Alishinda bila kula mpaka matokeo yalipotangazwa. Jina lako lilipotajwa, la mwisho kwenye orodha yenu, Bi Mopu alimgonga begani.

"Unaona? Wameyasoma."

Hatukumbishia. Hadi leo anaamini ni yeye aliyekuingiza, na tunaomba Mheshimiwa umwache hivyo hivyo.

CHANGAMOTO

Mheshimiwa, hapa ndipo tunaomba uweke simu pembeni.

Kundi lenu lina nafasi moja katika Kamati ya Uendeshaji wa Bunge, na umepewa wewe. Siku ya kikao cha kwanza mama yako ndiye aliyeingia na toroli la chai. Utaratibu wa chai ya kamati ni wa siku zote: inaanza kwa Mwenyekiti, inazunguka meza, inamalizikia kiti cha mwisho karibu na dirisha. Mama yako anaweza kuizungusha amefumba macho. Siku hiyo aliingia, akakuona umekaa kwenye kiti hicho cha mwisho, shingo umeiinamisha juu ya makaratasi kama zamani juu ya kreti, miguu ikampeleka huko. Akakumiminia wewe kwanza, maziwa mengi, sukari hapana, akafuta ukingo wa kikombe kwa pindo la aproni kama anavyofanya nyumbani. Alipoinua macho, Mwenyekiti alikuwa amenyoosha mkono hewani.

Yule mjumbe wa upande wa pili, tunayemwita Bwana Tai kwa sababu ya tai zake, akacheka kwa upole.

"Mama, leo Mwenyekiti tumemfukuza?"

"Samahani waheshimiwa. Mikono imezeeka."

Ungenyamaza yangeisha. Lakini wewe ulisema, "Asante, mama." Kila mtu hapa humwita mwanamke yeyote mama, hilo halina neno. Ila wewe ulilisema kama mtu aliyeamshwa usingizini kwao. Bwana Tai akakutazama wewe, akamtazama yeye.

"Kumbe pua ni moja," akasema.

Meza nzima ikacheka, na mama yako naye akacheka ili asionekane. Alimaliza kumimina, akasukuma toroli mpaka kwenye korido, ndipo akaegemea ukuta. Alikuwa ameona kilichoandikwa kwenye karatasi za mezani, kwa herufi kubwa: kazi za jiko, usafi na lifti kupewa kampuni ya nje.

Hilo ndilo litakalopigiwa kura. Makundi mawili makubwa yana watu sawa katika kamati yenu. Moja linataka kampuni, moja linataka tubaki. Wa katikati ni wewe. Ukiinua mkono wako kwetu, tunabaki. Usipokuwemo, kura zitalingana, na zikilingana ndipo Mwenyekiti huamua, naye kila tukimpandisha lifti anatueleza jinsi mashine za kampuni zinavyong'arisha sakafu.

Sasa utasema, basi nitainua mkono, kuna ugumu gani? Ugumu upo. Nyumba hii iliwahi kuwa na mjumbe mmoja, mtu wa watu, hapiti mlango bila kuuliza watoto hawajambo. Kamati yake ilijadili ukarabati wa paa, na fundi alikuwa shemeji yake. Hakusema. Akainua mkono pamoja na wenzake. Hakula chochote, na paa lile halivuji mpaka leo. Lakini kanuni inasema mwenye ndugu ndani ya jambo alitamke, kisha atoke. Akavuliwa ujumbe, kiti akapewa aliyemfuata kwenye orodha. Aliyetumwa kung'oa kibao cha jina lake mezani alikuwa mama yako. Gundi ilikuwa ngumu, akakwangua kwa kisu cha siagi huku mwenye jina amesimama mlangoni akisubiri kukichukua.

Tulikaa jikoni tukalizungumza, na tusikufiche, tuligombana.

"Mkono mmoja tu," Dobi alisema. "Tumemlea wenyewe, tumemlisha wenyewe, leo atuangalie tunatolewa?"

"Kwa kuwa tumemlea ndiyo maana hawezi," mama yako alijibu. "Bwana Tai ameshaiona pua."

Mzee wa Lifti alisema neno ambalo ameomba aliseme tena leo kwa mdomo wake, ili lisikufikie kwa umbea. Alisema, "Mama Kijiko, wewe una mtoto mjumbe wa kukulisha. Sisi tutalishwa na nani?"

Mama yako alichukua kikombe kisafi akakiosha, akakirudisha, akakichukua tena kile kile. Alitaka kusema kwamba hajakuomba hata nauli. Alitaka kusema kwamba nyumba anayolala ni ile ile tunayoijua sote, bati lile lile. Hakusema. Alisema hivi:

"Kazi ikinitoka nitafua nguo za watu, mikono hii imezoea maji. Nyinyi ikiwatoka nitawatafutia pamoja na mimi, kwa kuwa mkinilaumu mna haki. Lakini yeye akivuliwa hapa, kila mlango atakaogonga watasema ndiye yule. Na sisi je? Watasema tulipandikiza mtu wetu. Hata tukibaki, tutafagia tumeinamisha vichwa."

Mzee wa Lifti akatoka. Tukasikia lifti inapanda tupu, inashuka tupu, inapanda tena. Aliporudi alisimama mlangoni akasema, "Andikeni anavyotaka. Ila muandike kwamba mimi sikufurahi."

Tumeandika.

MAOMBI

Mgeni rasmi, risala nyingine huomba. Nasi tunaomba.

Siku ya kura, kabla hawajafungua mjadala, inua mkono uombe nafasi. Sema: mama yangu mzazi anapika chai katika jengo hili, na waliobaki jikoni wamenilea. Liseme kwa sauti liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao. Usiseme "nina uhusiano fulani". Sema mama. Kisha kusanya karatasi zako utoke, usigeuke kumtazama Mwenyekiti wala Bwana Tai, na usimwachie mtu kikaratasi.

Katibu, ombi hili la pili ni lako. Kanuni zinaruhusu wanaohusika na jambo kuitwa kamatini wasikilizwe. Tuiteni. Hatutaki kusemewa, tutajisemea. Mzee wa Lifti amekubali kusimama, na amekubali kuchomekea shati, jambo ambalo hatujawahi kulipata kwake. Tutaeleza tunachofanya humu na kwa nini tunadhani tunakifanya vizuri. Mkituona hatufai, mtuambie usoni, tutasikia.

Ombi la mwisho ni la mama yako. Alitaka liwe refu, tukalipunguza.

Ukishatoka nje ya kamati, mwanetu, usije jikoni. Tunajua utatamani, tunajua na moyo wako ulivyo. Usije. Wakikukuta kwetu watasema umetoka kwa mlango mmoja ukaingia kwa mwingine. Kaa kwenye benchi la korido, watu wapite wakuone umekaa peke yako huna simu sikioni. Kikao kitakuwa kirefu. Mama yako atapita na toroli akienda kuwahudumia, kwa kuwa siku hiyo zamu ni yake na amekataa kuibadilisha. Akipita, mwamkie kama unavyomwamkia mfanyakazi yeyote, naye atakuitikia, "Marahaba, Mheshimiwa." Hatasimama. Usimfuate kwa macho. Ataingia, ataanzia kwa Mwenyekiti, atazunguka meza yote, na akifika kwenye kiti chako atakiruka kwa sababu hakuna mtu.

Anasema hapo ndipo atakapojua kwamba amezaa mjumbe.

Mwenyezi Mungu akulinde unapoketi na unapoinuka, akupe ulimi mwepesi wa kusema kweli na miguu myepesi ya kutoka panapokupasa kutoka. Kamati zako zikae salama, na sisi tukae salama, iwe humu au kokote tutakakokuwa.

Ni sisi wako,

Wafanyakazi wa Jiko, Usafi na Lifti,
Bunge la Mkoa