Bi. Nasiha Mzamil na Siku ya Kambare wa Kirumbi

Baada ya miaka thelathini na mitatu na miezi minane ya kuwapeleka watu wa bahari kwenye maji baridi, Bi. Nasiha Mzamil anastaafu Ijumaa hii, tarehe 31 Oktoba 2025. Ofisi yetu ya safari za uvuvi hapa Ndia Kuu, Mombasa, haijawahi kuwa na shamrashamra kama za wiki hii. Mahamri yameagizwa, zawadi imefichwa (amekwisha kuiona, anajifanya hajui), na mimi Mwikali, karani wa safari, nimepewa kuandika habari zake kwa kuwa tumekaa meza moja miaka kumi na minne bila kugombana. Kusema kweli tumegombana mara mbili. Zote mbili haki ilikuwa yake.

Alijiunga nasi Februari 1992, kazi yake kufungasha ndoana dukani. Amekulia hatua chache kutoka Ngome ya Yesu, na kwao samaki wa bara hakuhesabiwa kuwa samaki. Mwaka huohuo kiongozi wa safari aliugua, akatumwa Bi. Nasiha badala yake na wageni wanane hadi Bwawa la Kirumbi, mwendo wa saa nne kutoka kisiwani. Walipofika aliwaketisha ukingoni, akawamiminia chai, wakangoja. Baada ya saa mbili mlinzi wa bwawa, Bwana Chengo, akaja kuuliza kulikoni. "Twangoja maji yajae," Bi. Nasiha akamjibu kwa utulivu wote. Chengo alicheka mpaka akakaa chini. Bwawani hakuna kupwa wala kujaa! Kosa hilo angelifanya mtu wa Mombasa tu, na hadi leo hulisimulia mwenyewe kabla sisi hatujamtangulia.

Lakini alijifunza, tena upesi. Besi, yule samaki mwenye kinywa kipana na hasira za karibu, huwinda kwa macho, akiotea kando ya visiki na majani. Bi. Nasiha akaanza kumtengenezea chambo bandia kwa nyuzi za kushonea kofia, ushoni aliofunzwa na mama yake. Chambo chake chekundu kimenasa besi wengi kuliko chochote tulichoagiza kutoka ng'ambo. Mwaka 2006 akawa mkuu wa idara yetu ya Safari za Maji Baridi, mwanamke wa kwanza katika kiti hicho.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Aprili 2023 wageni walikuwa wamepungua sana, na mkurugenzi wetu, Bwana Huzaifa Abdulghafur, akaamua idara ifungwe. Sisi sita tungekwenda nyumbani. Bi. Nasiha aliomba safari moja tu, na Bwana Huzaifa mwenyewe awemo. Akakubali, kwa sharti kwamba samaki wasipopatikana, yamekwisha.

Tukafika Kirumbi tukakuta mvua kubwa imepita na bwawa zima limekuwa rangi ya chai ya maziwa. Katika maji kama hayo besi haoni kitu. Tulirusha mishipi kwa saa tatu, hakuna hata mmoja ulioguswa. Wageni kumi na wawili wakaanza kutazama saa zao. Dancan, dereva wetu, akaanza kufunga mizigo. Mimi nililia kidogo nyuma ya gari, na sioni haya kusema.

Bi. Nasiha akafungua kikapu cha chakula chake cha mchana. Ndani mlikuwa na ng'onda wa papa, yaani papa aliyekaushwa kwa chumvi, mwenye harufu ya kumwamsha jirani. Akamkata vipande vidogo, akabadilisha ndoana zote na kuamuru mishipi ishushwe hadi chini kabisa. Besi haoni, alitueleza, lakini kambare ananusa. Dakika kumi hazikupita! Fimbo ya kwanza ikapinda, ikafuata ya pili, kisha ya tano, watu wazima wakawa wanakimbizana matopeni kwa vifijo. Aliyenasa mkubwa kuliko wote alikuwa Bwana Huzaifa. Kambare wa kilo kumi na moja, sharubu hizo, alimpigisha magoti kwenye tope na kanzu yake nyeupe, naye akipiga ukelele: "Nasiha, njoo, anivuta huyu!" Bi. Nasiha hakumpokea fimbo. Alisimama kando akimwelekeza, lini akaze na lini alegeze, mpaka samaki akaingia wavuni. Njia nzima ya kurudi habari ya kufunga idara haikutajwa. Bwana Huzaifa alizungumza kambare tu, hadi tulipomshusha kwake Mbaraki. Bi. Nasiha alishinda na njaa siku ile.

Wiki hii nilipokuwa nikichagua picha za sherehe, niliona jambo lililonishtua. Katika kila picha samaki amebebwa na mgeni, na Bi. Nasiha yuko pembeni na wavu. Nikamuuliza yeye amevua wangapi. Akacheka. Hajavua hata mmoja; kila safari alikuwa akiwashughulikia wengine.

Basi safari ya Jumamosi tarehe 8 Novemba itaongozwa na Trizah, mwanafunzi wake, na jina la kwanza kwenye orodha ya wageni ni Nasiha Mzamil. Safari hiyo ipo kwa sababu yako, dada yetu, na sisi sita tungali kazini kwa sababu yako. Ahsante sana. Mola akujaalie afya, furaha na siku nyingi za raha. Gari litakupitia asubuhi na mapema. Ukifika Kirumbi, tafadhali usiguse ndoana ya mtu. Kaa kitako, unywe chai. Yako tutakufungia sisi.