Hawakulitaka Ini Langu

Bwana Yesu apewe sifa, ndugu zangu! Mimi ni Felisita, muuza samaki wa hapahapa Gisenyi. Msiniambie nikae kwenye benchi, siwezi. Nitasema nimesimama.

Uvimbe mgumu uliota chini ya mbavu zangu za kulia. Chakula kikanishinda, nikakonda, hata kulala ikawa taabu. Munganga muzungu wa hospitali ya misheni akanipima, akasema ni kansa ya ini, na bado iko sehemu moja tu. Akate kipande hicho upesi, la sivyo nitakufa.

Kukata ini! Ninyi wenyewe mnajua yanayosemwa sokoni: eti wazungu wanatafuta maini ya watu, wanayatia katika chupa na kuyapeleka Bulaya. Nikatoroka na gauni lao la hospitali, nikakimbilia Bugeshi kwa dada yangu mkubwa, Venansia. Huko nako sikutulia. Nikisikia motokaa, najificha kwenye shamba la viazi! Nikaomba, "Yesu, niponye bila kisu!" Uvimbe ukazidi kukua.

Siku moja dada aliniona nazunguka uani, akachoka nami. "We Felisita, ini yako imeoza! Muzungu ataitaka ya nini? Kama wanataka maini, si watachukua yangu, iko muzima?"

Nilicheka mpaka ubavu ukaniuma, halafu nikalia. Hofu yote ikaniachia palepale. Ndugu zangu, Yesu alinijibu kwa kinywa cha dada yangu!

Wanaume wa mlimani wakanibeba kwa machela hadi hospitali. Munganga hakunigombeza. Nikamwambia, "Kata, lakini mi nitaiona!" Akakubali. Nilipozinduka, tumbo likiniwaka moto, Venansia akaniletea beseni. Mlikuwa na kipande cha ini chenye donge jeupe, baya kabisa. Nikalitazama weee! "Mutupe," nikasema.

Asante Yesu! Leo nauza samaki tena. Munganga ameniambia nirudi anipime, maana ugonjwa huu huweza kurudi. Naogopa, sifichi. Ubavu ukinichoma kidogo tu, moyo unaruka. Lakini sitakimbilia tena kwenye viazi.

Na wewe mama uliye kule nyuma, unayeficha ubavu kwa kitenge, nimekuona tangu nianze kusema. Ndiyo maana sikukaa. Mwamini Yesu, mama, nawe uinuke. Hospitali iko wazi sasa hivi, na mimi nakwenda nawe.