Apolinaria Ngollo na Barua ya Hamburg

Tarehe 28 Juni 1985 Ndugu Apolinaria Ngollo, Mkuu wa Masoko wa Kiwanda cha Nta cha Kaze, anastaafu kwa hiari baada ya utumishi wa miaka ishirini na mitatu. Aliajiriwa tarehe 2 Julai 1962 akiwa mpiga taipu, nchi ikiwa na miezi saba tu ya Uhuru. Mimi nilikuwa karani mkuu siku hiyo, na baadaye nikawa mkuu wake kwa miaka tisa, ndiyo maana mhariri wa jarida hili, Ndugu Mwanamkuu, akaniomba wasifu huu. Nimekubali kwa furaha, na kwa sababu moja zaidi. Kuna jambo katika historia ya Apolinaria ambalo limesimuliwa vibaya hapa kiwandani kwa karibu miaka ishirini. Anayelijua ni mimi peke yangu, na hali yangu ya afya hainiruhusu kungoja sherehe nyingine.

Apolinaria ni binti wa mrina asali wa karibu na Isikizya. Alifundisha shule ya misheni kwa miaka minne kabla ya kuja mjini. Tulimpa mashine ya taipu iliyokuwa ikikwama kila baada ya mstari. Wiki ya pili aliifungua kwa bisibisi, akaisafisha, akairudisha, na hakuna aliyemsikia akilalamika.

Wanunuzi wetu wakubwa wa nta walikuwa Hamburg, na baadhi yao waliandika Kijerumani tu. Barua zao zilipofika na treni, utaratibu ulikuwa mmoja: zinapelekwa mtaa wa Chemchem kwa Mzee Abasi, fundi cherehani, ambaye ujanani alikuwa karani wa stoo katika boma la Wajerumani. Mzee anasoma, mtu wetu anaandika. Apolinaria ndiye aliyekuwa akitumwa. Baada ya miezi michache akaomba afundishwe, na kila Jumamosi mchana alikaa barazani kwa mzee, ada yake ikiwa kopo la asali. Mzee Abasi alikuwa mwalimu hodari, ila Kijerumani chake chote alikipata kwa masajini. Sisi tusingeweza kujua, maana hatukuwahi kusikia kingine.

Mwanzoni mwa 1965 shirika moja la hisani la Ujerumani lilitoa nafasi moja ya kusomea shahada ya biashara pamoja na Kijerumani katika chuo kikuu cha Hamburg. Kutoka kiwandani tulisailiwa wawili, Apolinaria na mimi. Mnachojua wote ni kwamba aliitwa mwaka huo asijibu, akaenda miaka miwili baadaye. Mnajua na kichekesho chake, kwamba binti wa Isikizya aliogopa baridi. Kila sherehe kuna mtu wa kujifunika blanketi tatu na kutetemeka, na watu wote hucheka.

Hakuogopa chochote. Barua ya kumwita ilifika mwezi Mei, ikiwa na nakala ya Kiingereza, na aliyefungua barua za kiwanda ni mimi. Nikasoma jina lake. Sikuipeleka Chemchem wala sikumpa. Niliifungia kwenye droo yangu, nikijua kwamba asipojibu hadi mwisho wa Juni ataitwa wa pili, yaani mimi. Siku zile serikali yetu na ile ya Wajerumani kule Bonn zilikuwa zimekosana, nami nikajiambia kwamba nafasi zenyewe zingefutwa tu. Hazikufutwa, na wa pili hakuitwa.

Mwaka 1967 wale watu wa shirika walimwandikia tena, safari hii kwa anwani ya mwenyekiti wa kiwanda, wakiuliza kwa nini alinyamaza na kama bado anaitaka nafasi. Apolinaria alisema mbele yetu sote kwamba hakuwahi kuona barua. Mimi nikadakia, “Sema tu uliogopa baridi, dada!” Ofisi nzima ikaangua kicheko. Kichekesho kile nilikitunga mimi. Akiwa bado masomoni, kiwanda kilichokuwa kimekwisha kuwa mali ya umma kilitafuta mzalendo wa kushika masoko. Msomi wa biashara hakuwepo, nikapewa mimi. Angeondoka 1965, angerudi 1969, na kiti kile kingekuwa chake. Alirudi 1971, akakaa chini yangu.

Sasa niwaambie alivyosoma. Siku ya kwanza Hamburg aliingia duka la mikate na kuagiza kwa Kijerumani cha Chemchem. Muuza duka, mama wa makamo, alisimama wima mikono ubavuni, na wateja wawili wakampisha. Ilimchukua mwaka mzima wa lugha kuondoa usajini. Baada ya hapo masomo yake yalikwenda pande mbili kwa pamoja. Asubuhi ilikuwa bima ya mizigo, bei na mikataba. Mchana fasihi na tafsiri, na jioni kuandika barua za biashara hadi mhadhiri aridhike kwamba Mjerumani hatagundua imetoka kwa mgeni. Tasnifu yake ilihusu safari ya nta kutoka misitu ya Unyamwezi, tangu ilipokwenda pwani vichwani mwa wapagazi hadi ilipopanda treni. Wanafunzi ishirini na sita walianza naye. Walimaliza kumi na saba, naye alikuwa wa nne.

Aliporudi alikwenda kumsalimu mwalimu wake. Mzee Abasi alimsikiliza kidogo, kisha akatikisa kichwa. “Wamekuharibu, mjukuu wangu! Kijerumani gani hiki cha kubembeleza?”

Kazi yake ndiyo iliyokibeba kiwanda hiki. Wanunuzi walikuwa wakilalamika kwamba nta yetu ni nyeusi, wakidhani tunachanganya uchafu. Apolinaria alijua tatizo ni mapipa ya chuma ambamo vijijini tulizoea kuyeyushia. Akapanda lori, kijiji hadi kijiji, na warina walimpokea kwa kejeli, maana kwetu mzinga ni kazi ya wanaume. Mmoja alimuuliza, “Umepanda miti mingapi kufuata mizinga, mama?” Akajibu, “Hata mmoja, baba. Wewe umeuza nta kiasi gani Hamburg?” Kisha akaweka mbele yao mikate miwili ya nta ya mzinga mmoja, mweusi wa pipa na wa manjano wa sufuria ya alumini. Msimu uliofuata hakuna mzigo wetu uliorudishwa.

Mwaka 1974, watu walipohamia vijiji vya ujamaa na mizinga yao ikabaki mbali porini, nta iliadimika. Mnunuzi mkubwa alitaka kuvunja mkataba. Apolinaria alimwandikia kurasa nne, akimweleza ukweli wote na kumwomba miezi mitano. Akapewa sita. Barua ile nilitia sahihi mimi, na sifa nilizipokea mimi. Neno langu ndani yake halikuwamo.

Jumapili iliyopita nilipelekwa nyumbani kwake nikamsomea kurasa hizi. Kisha akauliza, “Droo ya juu au ya chini?” Nikamwambia ya chini. “Ile niliyokuwa naweka kikapu changu mbele yake kila asubuhi,” akasema. Nilimwuliza kama nifute. “Usifute, Ndugu Masolwa. Mimi nilisema ukweli mara moja, mkacheka. Sasa useme wewe. Na usiandike ‘Kamati ya Sherehe’ chini yake. Andika jina lako.” Hakusema amenisamehe, na mimi sikumwuliza. Alinimiminia chai, akanishika mkono hadi mlangoni kwa sababu miguu yangu haina nguvu.

Ndugu Apolinaria, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Kaze, asante kwa miaka ishirini na mitatu, na kwa kila mrina ambaye nta yake ilipata bei kwa sababu ulisoma. Upumzike kwa afya na heshima, ukiwa umezungukwa na watu wanaokuamini usemapo. Ulisema kweli mwaka 1967. Barua hukuiona.

Marko Masolwa
Karani Mkuu, 1962–1970