Barafu Juu ya Maharage ya Mama Leonida

Benchi langu la kahawa liko mbele ya gereji, hapa Karatu, na tangu mpaka wa Kenya ufungwe halikosi watu. Watalii wameadimika, madereva hawana safari, kahawa yangu inanyweka. Mungu anisamehe, lakini nashukuru. Asubuhi hiyo wote walikuwa wameinua shingo. Juu kabisa kulikuwa na mawingu membamba, meupe, kama sufu ya kondoo iliyochambuliwa.

— Moshi wa ndege huo, alisema Tluway, mkulima tunayemwita Redio kwa sababu hazimiki.

— Ndege gani, Redio? Barafu hiyo! Rubani mmoja mtalii aliniambia.

Huyo ni Inosenti, dereva, jina lake la kijiweni Gia Tatu.

— Barafu imeshikiliwa na nini huko?

— Asubuhi kule ukingoni Ngorongoro nyasi zinakuwaje?

— Nyeupe. Umande umeganda.

— Ehee! Sasa panda mara nne ya hapo. Mvuke ukifika kule haungoji kuwa maji, unaganda papo hapo, chembechembe. Zikianza kuanguka, upepo unaziburuta. Ndiyo mikia ile.

— Zinaanguka? Basi tumekwisha! Mvua ya mawe! Kreta itajaa barafu, faru watateleza!

— Zinakauka njiani, bwana.

— Barafu ikauke? Hasani, mnyime kahawa huyu!

Hasani ni mimi; nikamwongezea Redio kahawa, labda angenyamaza.

Hapo akafika Mama Leonida wa kijiji cha Qurus, mjane, na punda wake. Maharage yake yote yalikuwa yameng'olewa, yametandazwa shambani yakauke. Yakinyeshewa yanachipua, na hana chakula kingine mpaka mwakani.

— Ndugu zangu, nimewasikia. Sasa itanyesha, au haitanyesha?

Hata Redio alizimika.

— Hilo rubani hakusema, alinong'ona Gia Tatu.

Redio akaweka kikombe chini.

— Twendeni tukayaingize ndani.

Nikafunika birika, nikawafuata. Jioni maharage yote yalikuwa chini ya bati, na mikia ile bado iko juu, imetulia.

— Hata tone! Redio alilalamika.

Mama Leonida alicheka huku akijifuta vumbi usoni.

— Asanteni sana, ndugu zangu. Na barafu yenu nayo naishukuru. Tangu nifiwe na mume wangu, sijaona kitu kingine kilichowanyanyua kwenye lile benchi.