Leo Mtaa Haukufagiwa

Mheshimiwa mgeni rasmi, Bwana Polikarpo, Afisa Afya wetu. Bwana Mwenyekiti wa mtaa. Mashehe, mchungaji, wazee wenzangu. Akina mama mnaoshika mafagio, na nyie vijana mliokalia ukuta kwa kukosa viti: asalaam aleikum, na wasioitikia salamu hiyo, hamjambo.

Polikarpo, shikamoo yako nimeipokea, lakini kwanza nikuulize mbele za watu: ulikuwa wapi? Umekaa chumba cha mbele cha nyumba yangu tangu hujaota ndevu mpaka ukaoa. Ukahamia Tegeta, nikasema alhamdulilahi, mwanangu kapata kwake. Je, Tegeta na Mwananyamala ni nchi mbili? Hata futari hukupita kula, wewe uliyekuwa ukiila kuliko sie tuliofunga!

Nimeambiwa nitoe neno la shukrani. Mie shule sikuiona, kwa hiyo nitasema ninachokiona.

Enzi zako taka zilikuwa na kwao. Uani palikuwa na shimo, Jumamosi zamu yako kulichoma, na ulikuwa mvivu. Likijaa tunafukia, juu yake tunapanda mpapai, tunachimba lingine. Leo uani kwangu vyumba vya wapangaji vimefika mlangoni mwa choo. Nitachimba wapi, chini ya kitanda cha mtu? Na taka zenyewe ni zile? Tangu biashara iwe ruksa, hata chumvi ya kuungia mchuzi mmoja inafungwa nailoni. Ifukie leo, vitukuu wako wataifukua ingali inang'aa.

Sasa niseme lililotuponza. Mwaka juzi ulitangaza utakuja kukagua, ili mtaa wenye hali mbaya upangiwe gari la taka. Mie nilikuwa Kimbiji, msibani. Huku nyuma, Mwenyekiti Mbwana akapiga mbiu: mgeni anakuja! Na sie tukisikia mgeni, hatuna dawa. Watu wakafagia mpaka mchanga ukabaki na mistari ya fagio. Taka zikasombwa, zikamwagwa mferejini nyuma ya kwa Felicitas, zikafunikwa makuti. Ukapikiwa pilau. Ukatembea, ukasema, "Hongereni ndugu zangu, mtaa huu ni mfano." Gari ukawapa wengine, ambao hawakufagia. Nani wa kukulaumu? Uliona ulichoonyeshwa.

Masika yakaja. Mfereji umeziba, maji yakaingia kwa Felicitas. Mwalimu wa watu, katoka Bukoba, ndugu zake hapa ni sisi. Mwanawe, Blessing, akashikwa na kipindupindu. Tukambeba kwa mkokoteni uleule uliosomba taka, tukamkimbiza hospitali, mama yake anasukuma pamoja nasi, hana viatu. Yupo pale mbele, mwenye gauni la njano. Simama, mjukuu wangu, wakuone. Haya, kaa. Mungu alituachia huyu. Masika mengine yako karibu, na mie sitaki kumjaribu Mungu mara ya pili.

Mwenyekiti namsifu, ndiye aliyetufyatulisha matofali ya kizimba hiki cha taka mnachokiona kina utepe. Lakini juzi alinijia na yaleyale.

"Bibi, waambie akina mama wafagie, tusipate aibu."

"Mbwana, ukimwita fundi bomba, unafunika panapovuja?"

"Lakini Bibi, huyu ni mgeni rasmi!"

"Rasmi kwako. Kwangu ni mpangaji."

Akacheka. Namshukuru kwa kucheka, maana ufagio nilikuwa nao mkononi.

Kwa hiyo waheshimiwa, hiyo harufu mnayoizibia pua kwa leso haikuja kwa bahati mbaya. Leo mtaa haukufagiwa. Mie ndiye niliyekataza. Na taka za wiki nzima, tulizozitoa majumbani kwetu, ziko nyuma ya utepe huo. Kizimba kimejaa kabla hakijafunguliwa! Kukusanya kila asubuhi tutakusanya, kazi hiyo hatuiogopi. Lakini kizimba kisicho na gari ni nini, kama si jalala lililojengewa ukuta? Tumechoka, Polikarpo. Kuchoka mgongo tumezoea. Tumechoka kuutoa uchafu mlangoni kwa huyu na kuupeleka mlangoni kwa yule, kisha kuamkiana asubuhi kana kwamba hatujafanyiana kitu.

Kata utepe wako, tutapiga vigelegele, tena vya kweli, maana wewe ni mtoto wangu na nakuombea kila sala. Ila gari litangulie masika. Nawashukuruni nyote kwa masikio yenu, na leo hasa kwa pua zenu.

Na wewe, ukija tena, usitutumie taarifa. Njoo siku yoyote, na viatu usivyovionea huruma. Usipitie barabarani kwa Mwenyekiti. Pita uchochoroni, ufuate mfereji mpaka nyuma ya kwa Felicitas, uuangalie vizuri, ndipo uje ubishe hodi kwangu, mlango wa uani. Chai utaikuta.